Zana Zilizovaliwa Darasa la Tano

Swali lililoninyima usingizi wiki zote tano za mazoezi yangu ya kufundisha lilikuwa hili: kama darasa linajibu kabla sijauliza, mimi pale mbele ninafanya kazi gani? Nililigeuza kila upande. Ninafundisha? Ninasimamia? Ninaziba ubao usionekane? Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza kidato cha sita, nimepita jeshini, niko mwaka wa mwisho wa chuo cha ualimu, na hakuna hata mkufunzi mmoja aliyekuwa ametuandalia jibu la swali hilo.

Sasa nimestaafu. Vijana wa ofisi ya walimu hapa Musoma walinikabidhi jozi ya khanga, hotuba tatu, na saa ya ukutani ya kunisaidia kujua muda ambao sihitaji tena kuujua. Kisha wakaniomba niwaandikie jinsi nilivyopanda madaraja. Madaraja yangu, pamoja na alama za mazoezi ninayotaka kuyasimulia, yalikuwa kwenye faili, na faili lilipotea ofisi zilipohamishwa. Kwa hiyo tuyaache. Nitawaandikia jinsi nilivyoanza, maana nyinyi mnaofika kazini kwa bodaboda na kumulika somo ukutani kwa mashine mnadhani sisi tulianza na chaki.

Chaki nilikuwa nazo kumi na mbili. Chuo kilitugawia hizo kila mmoja, kwa saini. Nilizifunga ndani ya soksi pamoja na nusu ya kipande cha sabuni ya mche, vitu viwili vya thamani kuliko vyote nilivyokuwa navyo, nikapanda lori lililotoka Bunda kwenda kuchukua pamba upande wa Butiama. Njia nzima nilihangaika. Je, chaki zitanuka sabuni? Je, wanafunzi wataniona mdogo? Je, nikiulizwa jambo nisilolijua, nikohoe au niseme tutalijadili kesho? Niliamua kukohoa. Nikaanza kuhofia kwamba nikikohoa sana watasema nina kifua kikuu.

Shule ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mwitongo, nyumbani kwa Rais wa wakati ule. Eneo lile lilikuwa limezoea kupokea wageni, na kila shule ya jirani ilijua kwamba gari lolote linaweza kukata kona na kuingia uwanjani bila taarifa. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililozaa mengine yote.

Mwalimu Mkuu hakusubiri nimalize shikamoo yangu.

"Marahaba, karibu mwalimu. Umekuja na chaki?"

"Nimekuja nazo, mwalimu."

"Zilete."

Akazifungia kabatini kwa ufunguo aliokuwa ameufunga kwenye uzi wa suruali yake. "Hizi ni za mgeni," akasema. Nilitamani kumuuliza kama mgeni si ndiye mimi. Nikafikiri sana namna ya kuuliza kwa adabu, na nilipokuwa tayari, alikuwa ameshaondoka.

Nilikabidhiwa kwa mwalimu mlezi, Mwalimu Wambura, mwenye Darasa la Tano. Alikuwa mtu wa makamo, mkavu wa maneno, na hakuvua koti lake la kahawia hata jua la saa saba lilipochoma bati. Alilivua shambani tu, akiwa na watoto kwenye pamba ya shule. Asubuhi ya kwanza alitoa mfukoni kipande cha kopa, yaani muhogo uliokaushwa juani, akaandika nacho tarehe ubaoni. Ubao wenyewe aliupaka kwa masizi ya betri zilizokwisha, yaliyosagwa pamoja na majani ya muhogo.

"Linaandika?" nikamuuliza.

"Linaandikaga vizuri tu. Lina tatizo moja."

"Lipi, mwalimu?"

"Utaliona."

Niliona kipindi kilipokwisha. Wavulana watano waligombania kufuta ubao, na hakuna aliyetumia kitambaa. Katika shule ile, aliyefuta ubao alikuwa anapata kifungua kinywa.

Kwa Wambura nilijifunza mambo ambayo hayakuwa kwenye vitabu vya chuo. Usiandike ukiwa umelipa darasa mgongo wote, simama kiubavu, jicho moja libaki kwa watoto. Usipaze sauti, ishushe, watanyamaza wakusikie. Ukitaka kujua nani ana njaa, tazama nani anatazama dirishani kuanzia saa nne. Mambo hayo yamenifikisha kustaafu. Lakini siku ya pili alinifundisha jambo jingine, na hilo ndilo lililonitesa.

Kitabu cha kusoma cha Darasa la Tano kilikuwa kimoja kwa watoto sabini na wawili. Kurasa za kumi na mbili hadi kumi na tisa hazikuwepo. Mlinzi mmoja wa zamani alikuwa amezisokotea tumbaku, akazivuta zote, kisha akahama. Basi nilifungua ukurasa wa kumi na moja nikasema, "Tusome." Watoto wakasimama na kusoma kwa sauti moja iliyotikisa bati, bila hata mmoja kutazama kitabu:

"Sungura akafika mtoni, akatazama huku na huku, akasema: ndipo mwenyekiti akafunga kikao, na wanakijiji wote wakapiga makofi!"

Wakapiga makofi. Kisha wakakaa.

Nilitazama kitabu. Ukurasa wa kumi na moja unaishia sungura akitaka kusema. Ukurasa wa ishirini unaanza na mwenyekiti akifunga kikao. Watoto walikuwa wamevuka pengo hilo kwa pumzi moja, miaka kadhaa, madarasa kadhaa, mdogo akilipokea kwa mkubwa.

"Kwa nini mwenyekiti alifunga kikao?" nikauliza.

Mikono ikainuka. Nikamchagua Nyangeta, msichana wa dawati la mbele.

"Kwa sababu sungura amefika, mwalimu."

"Na sungura alikwenda kikaoni kufanya nini?"

"Kupiga makofi."

Nilihudhuria vikao vingi katika utumishi wangu, na leo naona mtoto yule hakukosea sana. Lakini siku ile nilishtuka. Nikaandika neno "sungura" ubaoni, peke yake, nikauliza nani atalisoma. Masinde, kijana aliyewazidi wenzake wote kimo, akainua mkono kwa huruma.

"Mwalimu, hilo halimo."

"Limo. Si mmelisoma sasa hivi?"

"Likiwa peke yake halimo."

Nje ya darasa Wambura alinisubiri. "Umeandika neno nje ya hadithi," akasema. "Hatufanyagi hivyo."

"Mwalimu, hawa hawajui kusoma."

"Wanajua kusoma hiyo. Hiyo ni somo la mgeni." Akanieleza taratibu, kama mtu anayeonyesha mgeni choo kilipo. "Mgeni anakaaga dakika ishirini. Anasikia watoto sabini na wawili wanasoma sauti moja. Anaandika 'vizuri sana', anapewa kuku, anaondoka. Mwaka wa sita huu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza sungura alisema nini. Siku ukikaguliwa, fundisha hiyo. Utapata A, sisi tutapata amani."

Ndipo swali langu likaanza kuninyima usingizi. Nikipata A kwa somo ambalo watoto walilijua kabla sijazaliwa kikazi, A hiyo ni ya nani? Kwa upande mwingine, D ilikuwa na maana ya kurudia mwaka, na nyumbani hakukuwa na uwezo wa kunirudisha chuo. D ilikuwa na maana ya kukaa kwenye baraza la duka mjini Bunda, karibu na baba yangu Fundi Ramadhani, nikishona vifungo hadi niolewe.

Nilifanya kile wanachofanya watu wasioweza kuamua: nikaongeza kazi. Saa tisa alasiri, masomo yakiisha, nilikaa na waliotaka kusoma kweli. Wakaja ishirini na sita. Kopa halikufaa, kwa sababu kila silabi niliyoandika ilirambwa kabla haijasomwa. Nikamtumia baba ujumbe kwa dereva wa lori, nikimwomba mabaki ya vitambaa yaliyoshonwa silabi. Jibu lilikuja kwa mdomo wa dereva yuleyule: "Mzee anasema uzi hakuna mji mzima, lakini amefumua gunia la sukari." Na alikuwa amebeba furushi. Vipande thelathini na vinane, ukubwa wa kiganja, vya kaki, vya kijani, vya suruali ya bluu ya mtu mnene, kila kimoja kimeshonwa silabi moja kwa cherehani. Ma. Li. Sa. Ki. Nilivibandika kwenye gunia kwa miiba, nikalitundika ukutani. Sijawahi kuwa na zana nzuri kuliko ile, na nimekuwa na nyingi.

Wiki ya kwanza vikapotea saba. Nilishuku mbuzi. Kisha nikamshuku Mwalimu Mkuu. Nikachora jedwali lenye safu ya siku, safu ya silabi na safu ya washukiwa. Jumatatu asubuhi Masinde aliinama kuokota ufagio, na pale nyuma ya kaptula yake, katikati kabisa, nikaona "ma", imeshonwa kwa mkono wa mtu mwangalifu.

"Masinde, hicho kiraka umekipata wapi?"

"Mama alisema ni kitambaa cha serikali, kimeletwa shuleni kwa ajili ya watoto."

"Na mbona maandishi ameyaweka nje?"

"Alisema maandishi ya serikali hayafichwagi, mwalimu."

Mnaosoma haya mmekulia kwenye mitumba, hamwezi kujua kitambaa kilikuwa nini miaka ile. Watu walikuwa wanavaa magunia. Nilikaa na mambo mawili kichwani: nikimwambia afumue, atabaki uchi, nikimwacha, silabi imekwenda. Nilipokuwa bado nafikiri, habari ilienea kijijini kwamba shuleni kuna viraka vizuri, na kufikia wiki ya nne gunia langu lilibaki na silabi tisa. Nyingine zote zilikuwa zinatembea. "Li" ilikaa begani kwa Nyangeta. "Sa" ilikuwa tumboni kwa mdogo wake, aliyekaa naye dawati moja. Nilijua ilipo kila moja, isipokuwa "ki". Hiyo sikuiona kwa mtoto yeyote.

Jambo la ajabu ni kwamba walianza kusoma. Walisomana. Mtu akienda kuchota maji, wa nyuma yake anasoma. Miaka michache baadaye nchi ilifunguliwa, mitumba ikaingia, na watoto wakaanza kuja wameandikwa kifuani maneno ya nchi za mbali ambayo hata mimi sikuyajua. Wengine walishangilia soko huria. Mimi liliniharibia zana.

Mkufunzi wangu, Bwana Mgaya, alifika Jumanne ya wiki ya tano, ndani ya suti ya mikono mifupi iliyonyooshwa kwa pasi hadi ikawa na makali. Kabati likafunguliwa. Nikakabidhiwa chaki zangu mwenyewe, nne kati ya kumi na mbili. Bwana Mgaya akakaa nyuma na fomu gotini. Wambura akasimama nje ya dirisha na koti lake.

Nilifanya kama waoga wanavyofanya, nilifanya yote mawili. Dakika ishirini za kwanza nikafundisha la mgeni. Sungura akafika, kikao kikafungwa, makofi yakapigwa, Bwana Mgaya akaandika huku akitabasamu. Ningekaa hapo. Lakini nikasikia mdomo wangu unasema, "Sasa tusome neno jipya. Masinde, njoo mbele, geuka."

Masinde akaja mbele, hakugeuka. "Mwalimu, nimgeuzie mgeni matako?"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Bwana Mgaya akainua kichwa. "Anasema nini huyo?"

"Zana iko upande huo, mheshimiwa."

"Basi geuka, kijana," akasema, kwa sauti ya mtu anayeidhinisha barua.

Masinde akageuka. Nyangeta akasimama upande wake wa kulia na bega lake. Wale ishirini na sita wakaanza, polepole, kila mmoja kwa sauti yake, wakikwama na kuanza tena: "Ma... li. Mali!" Hawakupiga makofi. Walishangaa. Nikapata ujasiri, nikataka "samaki". Mdogo wake Nyangeta akaleta "sa" yake, Masinde akabaki alivyo.

"Na ki iko wapi?"

Watoto wakatazamana, wakaanza kucheka chini kwa chini, wakatazama dirishani. Wambura akatazama mbingu. Kengele ikalia.

Bwana Mgaya alinipeleka kwenye kivuli cha ukuta. "Binti, dakika ishirini za kwanza ni A. Nilisikia raha. Lakini hizi za mwisho..." Akanionyesha fomu. "Hapa pameandikwa: zana zibandikwe ukutani, zionekane na darasa zima, zihifadhiwe kabatini baada ya kipindi. Yule kijana nitamhifadhi kabatini?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Na zana zenyewe pungufu. Sasa sikiliza, mimi si mtu mbaya. Gari langu halina mafuta, nipo huku hadi Ijumaa. Alhamisi nitarudi. Nifundishie la sungura peke yake nikupe A yako, tuachane vizuri. Ukiniletea tena viraka nitaandika kinachoonekana kwenye fomu, na kwenye fomu inaonekana D."

Jumatano jioni nilimfuata Wambura kwenye pamba ya shule. Alikuwa amekwisha kuvaa koti, watoto wameondoka.

"Mwalimu, nifanyeje?"

"Fundisha la mgeni."

"Na wale ishirini na sita? Nitawaambia nini? Kwamba kusoma kwao hakumo?"

"Zuhura, mwanangu, wewe Jumamosi unapanda lori. Mimi nabaki na sabini na wawili na Mkuu mwenye ufunguo kiunoni. Wakijua darasa langu halisomi watanihamishia porini."

"Kwani hapa si porini?"

"Kuna pori zaidi ya hapa." Akachuma pamba mbili tatu zilizosahauliwa, akazitia mfukoni. Kisha akasema bila kunitazama, "Unajua, mimi niliusoma huo ukurasa wa kumi na mbili kabla haujavutwa. Nimekuwa nalisikia somo lile kila gari likija. Jana wakati unauliza ki, nilikuwa najaribu kukumbuka sungura alisema nini." Akafunga kifungo cha koti. "Nimesahau. Mimi mwenyewe nimesahau."

Nilirudi nikahesabu hoja za pande zote mbili, zikawa sawasawa. Nikaongeza hoja upande wa A, kwa sababu ya baba. Nikakumbuka kwamba baba ndiye aliyefumua gunia. Zikawa sawasawa tena.

Alhamisi nikaingia darasani. Bwana Mgaya alikuwa ameshakaa, fomu mpya gotini. Nikaweka kitabu mezani, nikafungua ukurasa wa kumi na moja. Watoto wakasimama bila kuambiwa, wakavuta pumzi kwa pamoja.

Mlango ukafunguka. Mwalimu Wambura akaingia, bila koti. Kwa mara ya kwanza nikaona shati lake, jeupe, limechoka. Darasa zima likaimeza ile pumzi.

"Samahani, nimechelewa," akasema. Akaenda mbele, akasimama upande wa kulia wa ubao, akakunja mkono wa kushoto na kuuinua juu. Kwenye kiwiko, kitambaa cha kijani, uzi wa gunia la sukari: ki.

Bwana Mgaya akafungua kalamu yake. Nilimwona. Nilimwona pia baba, na baraza, na kopo la vifungo. Kwa mara ya kwanza katika wiki tano sikuwa na hoja nyingine ya kuongeza upande wowote.

Nikafunga kitabu.

"Masinde," nikasema, "tuanze."

Akaja mbele, akageuka bila kuambiwa.